Mama Ustawi Aliyekataa Ugali Wangu

Kwangu mgeni hatoki na njaa. Hata yule askari aliyekuja kumtafuta kijana wa jirani alikula kwanza, akanawa, ndipo akaendelea na maswali yake. Ni mtu mmoja tu aliyeingia nyumba hii mara nyingi, akaukuta ugali unatoa moshi, akaniambia, "Asante mama, sili," kisha akatoka na tumbo lake lilelile. Alikuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu. Jina lake nalijua, ila halikuwa na kazi. Kuanzia huku kwetu Kiseke hadi Pasiansi kwenye maji, watu walimwita Mama Ustawi, naye akaitika.

Mara ya kwanza alikuja kwa sababu binti yangu alikuwa amefariki na kuniachia Kabula, mtoto ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mwenyekiti wa mtaa alitaka halmashauri imjue mtoto na mlezi wake. Mimi nilijua kupokea watu, nikapika sato. Si kipande. Sato mzima na kichwa chake, na ugali wa muhogo niliousonga mpaka bega likauma. Mama Ustawi akautazama. Niliona koo lake linapanda na kushuka. Alikuwa na njaa yule.

"Mama, mimi sili kwa watu nikiwa kazini."

Nikamuuliza, "Unaniona mchawi?"

"Hapana mama."

"Basi vyombo vyangu ni vichafu."

"Vyombo vinang'aa. Ila sili."

Sisi Wasukuma ukimkatalia mtu chakula umemwambia nyumba yake haifai hata kwa mbuzi. Nilimchukia palepale, na nilimchukia kwa raha, kama mtu anayekuna upele. Alipotoka nikamfuata kwa macho. Alikwenda akakaa juu ya jiwe kubwa pale njia inapogawanyika, akafungua kifurushi cha kanga, akala viazi vya kuchemsha vilivyopoa, bila chumvi, bila hata kushushia na maji vizuri. Sato wangu yuko mezani, yeye anajikaba na viazi. Nikasema, huyu mama ana roho ya chuma, na chuma si kitu cha kulea watoto.

Alikuwa mrefu, mwembamba kama mti wa kuanikia nyavu. Juu kitenge kizuri, chini raba za kukimbilia. Bega moja lilikuwa limeshuka kwa sababu ya mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na chupa yake ya maji, viazi vyake na tochi. Tochi ya nini mchana? Ya kumulika uvunguni. Wewe unamkalisha sebuleni ulikotandika vitambaa vyako vya kufuma, yeye anasema, "Sebule nimeiona mama. Sasa nipeleke mnakoficha ndoo." Anapiga magoti, mtu mzima na elimu yake, anamulika chini ya kitanda. Anainua shuka. Anainama ananusa godoro. Mara ya kwanza nilidhani amerukwa na akili.

"Kukojoa si kosa la mtoto," aliniambia. "Ninachotafuta ni kama godoro linaanikwa."

Kwa watu wazima alikuwa mkavu. Kwa watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Mtoto akimwamkia shikamoo, anaitika marahaba mpaka mwisho, halafu anachuchumaa mpaka macho yao yanalingana. Wala hakuwa anauliza yale maswali ya wageni, unampenda bibi, bibi anakupenda, maswali ambayo mtoto anajibu huku anamwangalia bibi. Aliuliza, "Leo nani kakuamsha?" Aliuliza, "Jana ulilala karibu na nani?" Aliuliza, "Ukiumwa tumbo usiku unamwita nani?" Kabula alimjibu yote. Kwa swali la mwisho akasema, "Simwiti. Bibi anaamka mwenyewe." Mama Ustawi akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona anaweza kucheka. Meno yake yalikuwa yameachana kwa mbele.

Lakini mtaani aliogopwa kuliko mgambo. Mtoto akikataa uji, mama yake anasema, "Haya, namwita Ustawi akubebe." Siku moja alikuwa dukani ananunua sabuni, akamsikia mama mmoja anasema hivyohivyo. Akageuka.

"Mwanangu, ukimtishia na mimi leo, siku akiumizwa kweli atamkimbilia nani?"

Yule mama akaangalia miguu yake. Kesho yake nikamsikia tena, "Namwita Ustawi." Watu ni wagumu.

Kilichonishangaza ni woga wake. Mwanamke huyu alikwenda peke yake kwa mwanamume aliyekuwa anampiga mtoto kwa waya, na mwanamume kasimama mlangoni na panga. Akamwambia, "Weka hilo panga chini kijana, unanichelewesha." Likawekwa. Lakini bata mzinga hapana. Bata mzinga akimtanulia mkia tu, Mama Ustawi anarudi nyuma, anatafuta mtu wa kujificha. Nawaambia haya kwa sababu kituo cha watoto ambacho mjukuu wangu alikwenda kukaa kilikuwa na bata mzinga getini, wengi, wamenona. Wamenona kuliko watoto. Hilo nililiona baadaye.

Kabula alifikaje huko? Nilianguka. Nyumba zetu hizi ziko juu ya mawe, na mawe yakinyeshewa huwa kama sabuni. Nilikuwa nimebeba ndoo, mguu ukatangulia, nyonga ikavunjika. Nikiwa hospitali, maumivu yamenikamata kama mamba, namwona Mama Ustawi kasimama miguuni pa kitanda. Hakusema pole.

"Mtoto analala wapi leo?"

"Kwa jirani."

"Nimetoka kwa jirani. Anapika gongo, na wanywaji wanalala chumba anacholala mtoto."

Nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui.

"Nampeleka kituoni mpaka upone," akasema. "Ukisimama, anarudi."

Nikamtukana. Nilimtukana Kisukuma, nikijua kwao ni Ukerewe na hatasikia vizuri. Akasubiri nimalize, akanivutia shuka kufunika miguu, akaondoka. Niliwekewa chuma kwenye nyonga, nikakaa kitandani muda mrefu, nikajifunza kutembea upya kama mtoto. Kitu kilichoninyanyua ni lile neno lake. Ukisimama, anarudi.

Nikasimama. Nikachukua mkongojo wangu na bodaboda, nikaenda kituoni, nje ya mji, kando ya ziwa. Getini mlinzi akaniambia si siku ya kuona watoto. Nikauliza siku yenyewe ni lini. Akasema itatangazwa. Bata mzinga wananizunguka, mimi natazama juu, naona bango kubwa, na kwenye bango uso wa Kabula. Kanyolewa, anatabasamu kwa mdomo tu. Macho yangu na herufi havielewani sana, nikamwambia kijana wa bodaboda asome.

Akasoma polepole. "Kabula. Hana baba, hana mama, hana ndugu yeyote. Msaidie."

Nimesimama pale na mkongojo wangu, chini ya bango linalosema mimi sipo duniani.

Mwenye kituo akatoka. Alikuwa mwanamume mwenye sauti laini na viatu vyeupe, kila mtu kwake ni mpendwa.

"Bibi yetu mpendwa," akasema, "mtoto ana wafadhili sasa. Anajifunza Kiingereza. Unataka kumrudisha kwenye mawe?"

"Ndiyo, mpendwa," nikamwambia. "Kwenye mawe yangu."

Akatabasamu, geti likafungwa.

Sasa hapo ndipo nilipomjua Mama Ustawi vizuri, na sikumpenda zaidi. Nilikwenda ofisini kwake, nyuma kabisa ya majengo ya halmashauri, chumba kimoja, benchi limejaa wanawake na vilio vyao. Nikamwambia, umeniahidi, nimesimama, nipe mtoto.

Akafunga mlango.

"Mama, mimi mwenyewe naonyeshwa sebule tu," akasema. "Nikienda na gari la halmashauri, lazima niliombe kwanza, na kabla halijawashwa yule bwana ameshajua. Nikienda kwa miguu, nafunguliwa geti, naonyeshwa ua na watoto wanaoimba. Kulala kwao sijapaona. Kila nikiomba, funguo ziko kwa mtu aliyesafiri."

"Basi mtoe wangu."

"Wako nikimwandikia leo, anatoka. Yule bwana atafurahi, maana ni bibi mmoja tu anayepiga kelele. Watakaobaki ndani nitawafikiaje? Kamati ya madiwani inakwenda kukikagua kituo. Nataka Kabula awe ndani siku hiyo. Anaongea yule mtoto. Haogopi."

Nilimtazama nikaona kweli ni chuma.

"Mimi si bibi wa kituo kizima," nikamwambia. "Ni bibi wa Kabula. Unamtumia mjukuu wangu kama chambo."

Hakukataa. Alitoa ugoro kwenye kikopo kidogo, akavuta, macho yakajaa maji, na sikujua kama ni ugoro au ni kitu kingine.

"Ukisema atoke leo, anatoka leo," akasema. "Mama mwenye uamuzi ni wewe."

Nilikaa pale. Nje watoto wa watu wanalia kwenye benchi. Nikafikiria macho ya Kabula kwenye lile bango, na kichwa chake kilichonyolewa, na vichwa vingine nilivyoviona nyuma ya geti. Nikamuuliza siku ya kamati. Akaniambia.

"Uje," akasema. "Ukae nyuma na wageni. Usiseme neno."

Mimi, nisiseme neno. Waliosikia baadaye walicheka sana.

Siku hiyo nilivaa gauni langu la kanisani. Mama Ustawi alinisubiri barabarani, na nilidhani ni kwa heshima. Kumbe bata mzinga. Akanishika mkono wa pili, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nikinge na huo mkongojo." Tukaingia hivyo, mimi nafukuza ndege, yeye nyuma yangu kama bibi harusi.

Ndani kulikuwa kumepambwa. Turubai, viti vya plastiki, maua. Watoto wamepangwa mistari, wamevaa sare mpya ambazo mikunjo ya pakiti bado ilionekana kifuani. Wakaimba karibuni wageni. Kabula alikuwa mstari wa pili. Aliniona. Nilijua kaniona, maana nyusi zake zilipanda. Lakini hakunikimbilia. Alimtazama kwanza mlezi aliyesimama pembeni, mwanamke mmoja mnene aliyekunja mikono, kisha akaendelea kuimba. Jamani, mtoto wangu ambaye alikuwa ananirukia mgongoni nikiwa nachochea moto. Niliuma mdomo mpaka nikasikia chumvi.

Na pilau. Harufu ya pilau ilikuwa imelala juu ya ua mzima kama blanketi.

Niwaeleze jambo hili la pilau, maana ndilo lenyewe. Kamati ikifika mahali, inakaribishwa chakula kwanza. Ni heshima, hakuna aliyeianzisha na hakuna anayeweza kuikataa. Wageni wanakula, wanashiba, wanapewa soda, jua linakuwa kali, halafu wanatembezwa kidogo huku wanachokonoa meno. Na kwetu, mtu akishakula chakula chako, mchuzi wako bado unanuka kwenye vidole vyake, atakusema vipi? Atakuuliza vipi uchafu wako uko wapi? Hapo nikiwa nimekaa nyuma, nikaona sahani zinapangwa, nikaelewa viazi vya Mama Ustawi. Nilielewa ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kunidharau. Alikuwa anakataa kuwa mgeni wangu, maana mgeni hamuulizi mwenye nyumba mtoto analala wapi.

Akasimama pale mbele. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tuanze na ukaguzi, chakula baadaye."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa diwani wetu wa kata, mtu mwenye kitambi na kicheko, si mtu mbaya. Akamtazama mwenye kituo.

"Mheshimiwa, pilau linapoa," mwenye kituo akasema kwa ile sauti yake laini. "Watoto wenyewe wamewaandalia wageni wao. Tusiwavunje moyo."

Watu wakacheka kidogo. Diwani akaangalia masufuria. Nikaona anaanza kukaa. Mama Ustawi amesimama peke yake, bega limeshuka, hana tena la kusema, kwa sababu yeye ni mtumishi na yule ni mheshimiwa. Akikaa huyu mtu, nikajua, Kabula harudi. Ukaguzi utapita, kituo kitasifiwa, na mimi nitabaki sipo duniani.

Nikagonga mkongojo kwenye mguu wa kiti.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi nina chuma kwenye nyonga. Nikikaa nikala hapa, sitanyanyuka tena mpaka mnibebe. Na mimi ni mzito. Tutembee kwanza."

Mama Ustawi hakunitazama. Diwani akaniangalia, mwanamke mzee, gauni la kanisani, na kila mtu anasubiri aone kama atamkatalia bibi.

"Umemsikia bibi," akasema. Akajinyanyua. "Tutembee. Nani atambeba huyu?"

Watu wakacheka tena, safari hii wakiwa wamesimama.

Bweni lilikuwa zuri. Vitanda vya chuma, juu na chini, mashuka ya maua, magodoro ambayo nailoni yake ilikuwa inalia tukigusa. Diwani akasema, vizuri, vizuri. Watoto wakaingizwa nyuma yetu. Mwenye kituo anaeleza, huku wasichana, huku wavulana. Mama Ustawi hakutoa tochi. Alichuchumaa, akawatazama watoto wale, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza kibiriti:

"Wanangu, kila mmoja akasimame kwenye kitanda chake."

Hakuna aliyesogea.

"Wana aibu," mwenye kituo akasema.

"Nawasubiri."

Wakatazamana. Kijana mmoja mkubwa akaenda kwenye kitanda kimoja, na mwingine akaenda kwenye kitanda hichohicho, wakagongana, wote wawili wakarudi. Mdogo mmoja akaanza kulia bila sauti. Yule mlezi mnene akawa anawaonyesha kwa kidevu, wewe pale, wewe pale, na hawakuelewa.

Kabula akatoka kwenye mstari. Akanipita, akapita mbele ya diwani, akatoka nje ya bweni. Nikadhani anakimbia. Akavuka ua, akaenda mpaka kwenye stoo waliyowekea magunia ya chakula cha bata mzinga. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Akausukuma, akaingia, akasimama kwenye kona, kati ya ukuta na gunia, mikono imenyooka chini kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Halafu wengine wakamfuata. Mmoja, na mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikwenda mahali pake bila kuelekezwa, sakafuni, kwenye saruji. Walisimama kama wanavyolala, mstari kwa mstari, bega kwa bega, mpaka pasiwe na nafasi ya mtu mzima kuweka mguu. Yule mdogo alikuwa wa mwisho. Pake palikuwa mlangoni, penye upepo.

Diwani akachungulia ndani, kisha akageuka.

"Wewe," diwani akamwambia mwenye kituo. Bwana mwenye kituo alikuwa amekwisha, sasa alikuwa wewe. "Hiki ni nini?"

"Mheshimiwa, ni ukarabati, ni dharura ya siku mbili tatu."

Mama Ustawi akauliza, "Kabula, jana ulilala wapi?"

"Hapa."

"Siku zile bibi yako alipokuwa hospitali?"

"Hapa. Ila nilikuwa pale mlangoni. Nilisogezwa."

"Na vile vitanda?"

"Vimeletwa jana na lori. Tumeambiwa tusivipande."

Diwani alivua kofia yake. Akasema pilau wapewe watoto, lote, na nyama yote. Mama Ustawi alisimama katikati ya ua kuhakikisha hakuna sahani inayokwenda kwa mtu mzima. Watoto walikula kwa kasi ya kutisha. Alipoona wameshiba, akatoa viazi vyake.

Mnadhani nilimchukua mjukuu wangu nikaenda naye? Nilimshika mkono, tukafika getini, Mama Ustawi akatuzuia.

"Bado mama. Lazima nikaione nyumba."

"Nyumba gani? Nyumba unaijua."

"Niliijua ulipokuwa na miguu miwili mizima. Sasa nataka kuona utamwogeshaje, maji nani atateka, atalala wapi."

"Mtoto kalala na magunia chini ya ulinzi wako," nikamwambia mbele ya diwani, mbele ya watu wote, "halafu mimi ndiye wa kupimwa kitanda?"

Uso wake ulibadilika rangi. Nilitaka uumie, na uliumia.

"Ndiyo," akasema. "Wewe, na mimi, na yeyote yule. Kule nilisema ndiyo kabla sijaona. Sirudii."

Watoto walihamishwa jioni hiyohiyo, wakapelekwa mahali pengine ambako yeye mwenyewe alilala mlangoni. Mimi nikarudi na bodaboda, mikono mitupu, nalia kwa hasira. Nilimwita fundi seremala. Nikamwambia nataka kitanda cha msonobari, miguu minene, na ubao wa kushikilia kwenye yale mawe ya kupandia. Mama Ustawi akaja na tochi. Akamulika, akanusa, akatikisa kitanda, akapanda na kushuka mawe akishika ubao. Nilikuwa nimepika. Hakula. Safari hii sikumuuliza kitu, nilifunika tu sahani. Kesho yake alimleta Kabula amemshika mkono, akamwachia mlangoni, akageuka kabla sijasema asante. Sijui kama ningeisema.

Kituo kile kilifungwa, baada ya vikao vyao vya halmashauri ambavyo havina haraka. Na msidhani alishangiliwa. Kuna waliomzomea sokoni kwamba amewanyima watoto Kiingereza na wafadhili. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto wake pale alimtemea mate kwenye kitenge. Alifuta, akamuuliza yule mwanamke, "Mtoto sasa analala wapi?"

Aliendelea kuja hapa kila msimu, miaka yote ambayo Kabula alikuwa anakua. Anamulika, ananusa, anauliza nani kakuamsha, anakwenda kula viazi juu ya lile jiwe. Nilizoea. Nilikuwa namchemshia Kabula viazi vyenye chumvi ampelekee pale jiweni, na hata hivyo havikupokelewa.

Kabula wangu sasa ni mwalimu wa chekechea. Watoto wa watu wanamng'ang'ania miguu asubuhi utadhani yeye ndiye aliyewazaa. Bado tunakaa wote, nyumba ileile, ubao wa mawe umebadilishwa.

Mvua zilizopita, tumekaa tunachambua dagaa, tukasikia hodi. Alikuwa yeye. Kazeeka. Hana mkoba, lakini bega bado limeshuka upande wa mkoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumulika nini tena?"

"Nimestaafu mama. Nimekuja kuwasalimia tu."

Nilimtuma Kabula sato. Nilisonga ugali mwenyewe, na nyonga yangu hii, maana nilikuwa nimeusubiri ugali huu kuliko nilivyosubiri mambo mengine ya maana. Tukatenga. Kabula akammiminia maji, mgeni akanawa. Akakata tonge. Akalizungusha kwenye vidole, akalichovya, likawa linadondosha mchuzi.

Hakulipeleka mdomoni. Alikuwa anamtazama Kabula.

Akalirudisha sahanini.

"Mwanangu," akasema, "nionyeshe kitanda chako."

Damu ilinipanda. "Hata leo?"

"Hata leo mama. Nisamehe. Nikishakula sitaweza kuuliza."

Kabula hakucheka wala hakukasirika. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akasimama kando ya kitanda cha msonobari, mikono imenyooka chini, vilevile. Mwanamke mzima, mwalimu. Mama Ustawi akamfuata. Hakuwa na tochi. Alishika mguu wa kitanda, magoti yakalia, akainama akatazama uvunguni. Akainua shuka, akanusa. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hapa wala sijasikia kwa mtu mwingine kwamba alilifanya. Alikaa juu ya kitanda. Alikaa kidogo, viganja vyake viko juu ya godoro, pande zote mbili.

Tukarudi mezani. Akanawa tena. Ugali ulikuwa umepoa, umeshika ngozi juu. Nikataka kusonga mwingine.

"Acha mama," akasema.

Akala. Alikula kimya, alikula kichwa cha sato na macho yake, alifyonza mifupa. Halafu akasukuma bakuli mbele ya Kabula, akamwambia amwongezee mchuzi.